Edsger Dijkstra, mtu aliyechagua kazi isiyokuwa na jina

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakishatoka, kuna swali linalorudi katika familia nyingi za Kasongo na Kabambare. Mtoto amepata asilimia nzuri, anasema anataka kwenda kusoma kompyuta. Papa yake anauliza: kompyuta ya namna gani? Kwa sababu kule Kindu, Bukavu, Goma ao Kinshasa, mlango si mmoja. Kuna sayansi ya kompyuta, na kuna ile inayoitwa génie logiciel, yaani uhandisi wa programu. Na pesa ya kulipa mwaka wa kwanza, pengine ni mpunga wa msimu mzima. Ukikosea mlango, mpunga haurudi.

Kwa maneno mepesi, tofauti ni hii. Anayesoma sayansi ya kompyuta anatafuta kujua ni kitu gani kinaweza kuhesabiwa na mashine, kwa njia gani, na kwa nini njia hiyo ni ya kweli. Humo hesabu ni nyingi. Anayesoma uhandisi wa programu anajifunza namna watu kumi ao mia moja wanavyojenga programu kubwa pamoja, wanavyoijaribu, wanavyoitengeneza ikiharibika, na kuikabidhi kwa mwenye kuiomba katika siku zilizopangwa. Wa kwanza atauliza kama hesabu ya dawa katika programu ya hospitali ni sahihi kila mara. Wa pili atauliza: umeme wa jua ukikatika katikati ya kuandika, dawa zilizokwisha kuandikwa zitapotea?

Kuna Mholanzi mmoja aliyesimama mbele ya uchaguzi huu hata kabla milango hiyo miwili haijapewa majina. Anaitwa Edsger Dijkstra.

Alizaliwa Rotterdam tarehe 11 Mei 1930. Papa yake alikuwa mtu wa kemia na mwalimu wa shule ya sekondari. Mama yake alijua hesabu sana, hata kama hakuifanya kuwa kazi ya mshahara. Kijana mwenyewe hakuota mashine. Alifikiri kusoma sheria, siku moja aiwakilishe nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa. Lakini alipomaliza shule mwaka wa 1948 alama zake za sayansi zilikuwa za juu mno, na wakubwa wake wakamshauri asiziache zipotee bure. Akaenda chuo kikuu cha Leiden, akasoma hesabu na kisha fizikia ya nadharia. Mambo ni yale yale ya kila mahali: mtoto ana lake, wazazi na walimu wana lao, na matokeo ya mtihani yanakata shauri.

Mwaka wa 1951 papa yake aliona tangazo la masomo ya wiki tatu kule Cambridge, Uingereza, juu ya namna ya kuandika programu za kompyuta. Wakati huo kompyuta katika dunia nzima zilikuwa za kuhesabika, na moja ilijaza chumba. Edsger alikwenda akifikiri itamsaidia katika fizikia tu. Aliporudi, Adriaan van Wijngaarden, mkubwa wa idara ya kompyuta katika Kituo cha Hesabu cha Amsterdam, akampa kazi. Akaanza mwezi wa 3 mwaka wa 1952, siku chache kwa wiki, huku anaendelea na masomo Leiden. Yeye mwenyewe alipenda kukumbusha kwamba ndiye Mholanzi wa kwanza kuajiriwa kama mwandishi wa programu.

Kufikia 1955 kukaa na mguu huku na mguu kule kulimchosha. Fizikia ilikuwa elimu yenye heshima na maprofesa wakubwa. Kuandika programu kulikuwa nini? Wenzake waliojenga mashine yenyewe waliweza kusema wanajua umeme, wanajua taa za redio. Yeye akiulizwa anajua nini, angeonyesha nini? Akaenda kumwona van Wijngaarden, akamweleza wasiwasi wake wote. Mzee hakumdanganya. Alikubali kwamba elimu yenyewe bado haipo. Ila, akamweleza, mashine hizi zimekuja kukaa, mambo ndiyo yanaanza, na pengine yeye Edsger ni mmoja wa wale watakaoifanya kazi hiyo iwe elimu ya kuheshimiwa. Dijkstra alitoka pale ameamua: atamaliza fizikia haraka, kisha programu maisha yote.

Alipooa mwaka wa 1957, sheria ilimtaka aseme kazi yake. Akasema mwandishi wa programu. Wakuu wa mji wa Amsterdam wakakataa, kazi hiyo haipo. Kwenye karatasi ya ndoa wakaandika kwamba ni mtu wa fizikia ya nadharia. Bibi arusi, Ria Debets, naye alikuwa mwandishi wa programu pale pale kwenye Kituo. Kwa hiyo nyumba ilijengwa na watu wawili wa kazi ambayo serikali haikuitambua.

Mwaka mmoja kabla ya ndoa hiyo, Kituo kilikuwa kinataka kuonyesha watu kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Ilihitajika kazi ambayo hata asiyejua hesabu ataelewa. Dijkstra alichagua hii: kutoka mji mmoja wa Uholanzi kwenda mwingine, njia fupi kuliko zote ni ipi? Alichukua ramani yenye miji 64. Jibu la namna ya kuitafuta alilipata akiwa ameketi na mchumba wake kwenye kahawa, wamechoka kutembea madukani Amsterdam. Bila karatasi, bila kalamu, dakika kama 20 hivi.

Mwendesha pikipiki wa Kasongo anayepeleka mzigo Kabambare anaweza kuielewa bila kompyuta. Kila kipande cha njia kipe bei yake: si kilometa peke yake, bali masaa, petroli, tope la mwezi wa 11. Kasongo andika sifuri. Kisha angalia vijiji vyote vinavyofikiwa moja kwa moja, uandike bei ya kila kimoja. Chukua kile chenye bei ndogo kuliko vyote. Hicho kimeisha, hakiguswi tena. Kutoka hapo angalia majirani zake. Kama kupitia hapo kunapunguza bei iliyoandikwa, futa uandike mpya. Tena chukua chenye bei ndogo kati ya vilivyobaki. Endelea hivyo mpaka zamu ya Kabambare ifike. Njia hiyo haitakudanganya hata mara moja, mradi bei zako ni za kweli na hakuna iliyo chini ya sifuri. Dijkstra aliitangaza mwaka wa 1959 katika kurasa tatu tu. Leo hesabu hiyo, na zile zilizozaliwa kutoka kwake, ziko ndani ya simu zinazoonyesha njia, na ndani ya mitambo inayopitisha ujumbe wa intaneti.

Basi hiyo ni sayansi ama ni uhandisi? Alianza na kazi ya mikono, kuonyesha mashine kwa wageni, akatoka na ukweli wa hesabu. Mwaka wa 1960 ikawa vilevile. Yeye na mwenzake Jaap Zonneveld waliandika programu ya kutafsiri lugha ya ALGOL 60 iwe lugha ya mashine. Walipatana hawatanyoa ndevu mpaka kazi iishe. Kazi ilikwisha mwezi wa 8. Zonneveld akanyoa, Dijkstra akabaki na ndevu mpaka kufa.

Mwaka wa 1962 akawa profesa wa hesabu Eindhoven. Kule, na watu wachache, alijenga programu kuu ya kuongoza kompyuta yote ili ifanye kazi nyingi kwa wakati mmoja. Waliijenga tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini lilihakikishwa kabla ya kuweka la juu. Humo ndimo lilimo wazo lake la semafo, neno alilolitoa kwenye reli. Watu wa Kibombo na Samba wanajua: reli ni moja, treni mbili zikiingia kwa wakati mmoja kutoka pande mbili ni maafa, kwa hiyo lazima alama ya kusema ngoja. Ndani ya kompyuta ni vivyo hivyo. Watu wawili wakitoa pesa ya simu kwenye akaunti moja katika sekunde ile ile, lazima mmoja asubiri, sivyo pesa moja inatoka mara mbili.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1968, wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani. Programu zilikuwa zinachelewa, zinapita bajeti, zinajaa makosa. Mkutano huo ulibeba jina la uhandisi wa programu, na tangu hapo jina likaenea. Dijkstra alikuwepo. Aliona kweli kwamba kuna shida, ila dawa hakuipenda. Kwake, programu ni jambo la hesabu: mwandishi aithibitishe kwa akili wakati anaiandika, asingoje kuijaribu ndipo atafute makosa, maana majaribio yanaweza kuonyesha kosa lipo, hayawezi kuonyesha halipo. Mwaka wa 1972 akapewa tuzo ya Turing, ambayo katika elimu ya kompyuta hakuna iliyo juu yake.

Na umri haukumlainisha. Mwaka wa 1988, akiwa profesa Austin, Texas, alishambulia uhandisi wa programu waziwazi: aliona ni elimu inayotafuta namna ya kupata programu bila kuwa na ujuzi wa kuiandika. Alitaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandike programu na kuzithibitisha bila kuruhusiwa kuziendesha kwenye mashine. Tena alitaka watu waache kusema mdudu ameingia ndani ya programu. Mdudu anaingia mwenyewe. Kosa limewekwa na aliyeandika.

Hapo mzee alizidisha. Huko Marekani, Margaret Hamilton aliongoza kikundi kilichoandika programu za vyombo vya Apollo vilivyofika mwezini mwaka wa 1969, na yeye ni kati ya waliolipigania jina hilo la uhandisi wa programu ili kazi yao iheshimiwe kama ya wahandisi wengine. Programu zile hazikutoka kwa mtu mmoja na kalamu yake. Na mwanafunzi kutoka Wamaza ambaye hajawahi kuwa na kompyuta yake hawezi kuambiwa angoje tena mwaka mzima kabla ya kuigusa. Lakini upande mwingine Dijkstra aliona mbali. Lugha za programu alizozifundisha kijana wa 1988 nyingi zimepitwa. Ile hesabu ya kurasa tatu haijapitwa, na wanafunzi wa milango yote miwili wanaisoma mpaka leo. Papa anayelipa anaweza kuomba orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili, atazame kama hesabu na algoriti zimo. Zikiwa hazimo, jina lililoandikwa mlangoni halimsaidii mtoto.

Yeye mwenyewe aliishi miaka mingi bila kompyuta nyumbani. Aliandika kwa kalamu ya wino, mwandiko safi, anatoa kopi chache, anatuma kwa marafiki, nao wanatoa nyingine. Kila karatasi aliipa namba baada ya herufi za jina lake, EWD, na zilipita 1300. Alistaafu mwaka wa 1999. Alipougua kansa akarudi Uholanzi, katika nyumba yake ya Nuenen, na huko alifariki tarehe 6 Agosti 2002.

Karatasi zile zilipigwa picha na chuo kikuu cha Texas na kuwekwa kwenye intaneti, bila kulipa. Nyingi ni za Kiingereza, nyingine ni za Kiholanzi. Zinafunguka hata kwenye simu.