Mwalimu Nyerere na Dhamana ya Kura

Tunapomtaja Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, wengi wetu tunamkumbuka kama Rais na Baba wa Taifa. Ni mara chache tunamkumbuka kama mjumbe wa chombo cha kutunga sheria, ambaye kwanza aliteuliwa, kisha akajiuzulu, na baadaye akasimama mbele ya watu kuomba kura. Sehemu hiyo ya maisha yake inatugusa kila unapokaribia uchaguzi, nasi tunapenda kuitafakari hapa.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Hakubatizwa utotoni. Alijifunza dini akiwa shuleni, akabatizwa Nyegina mwezi Desemba 1943, akiwa kijana mwenye kujua alichokuwa akikiomba. Alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, kisha akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa rais wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu na mshahara wake, ingawa alikuwa na mke na watoto wa kutunza.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kiti hicho kilikuwa na heshima na posho, lakini Mwalimu aliona kwamba serikali haikuwa tayari kuyapokea mapendekezo aliyoyaleta kwa niaba ya wananchi. Kabla mwaka haujaisha alijiuzulu, kwa kuwa hakutaka kuonekana kama anawawakilisha watu mahali ambapo sauti yao haikusikilizwa. Alikirudisha kiti kwa aliyempa, akarudi mikononi mwa watu.

Ndipo ukaja mtihani wa Tabora. Sisi wa Shelui, tunaokaa chini ya mteremko wa Sekenke, tunaijua vema njia ishukayo kwenda Igunga na Nzega hadi kufika mji huo. Hapo ndipo wajumbe wa TANU walipokutana Januari 1958, nyoyo zao zikiwa na uchungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ingeharibika. Aidha, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa kawaida hakukiota.

Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu alikubali kwamba utaratibu ule ulikuwa mbaya. Hata hivyo aliwasihi washiriki, kwa sababu kususia kungewaachia wapinzani wao viti vyote na kuchelewesha uhuru. Baada ya mjadala mkali wajumbe walimkubalia, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika; alitoka akaunda chama chake.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kabla ya awamu ya kwanza Mwalimu alishtakiwa kwa makala aliyoandika kuhusu maofisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6. Faini ikalipwa. Kisha akagombea Jimbo la Mashariki, akamshinda Patrick Kunambi kwa kura nyingi. Pamoja naye waliingia watu wa asili nyingine walioungwa mkono na TANU, kama Amir Jamal na Marion Chesham. Kura tatu zilizokusudiwa kuwatenga watu kwa rangi zikageuka njia ya kuwakutanisha.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu akawa kiongozi wa serikali. Ushindi wa namna hiyo humjaribu mtu. Mwezi Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika ufungamane na rangi ya mtu. Mwalimu aliwapinga waziwazi ndani ya Bunge, akaweka wadhifa wake na wa serikali yake yote rehani kwa ajili ya usawa wa binadamu. Hoja yake ilishinda. Wiki chache baadaye nchi ikawa huru. Januari 1962 aliacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama. Mwezi Novemba mwaka huo wananchi walimchagua kuwa Rais kwa kura 1,127,978, dhidi ya 21,276 za Mtemvu.

Hatusemi kwamba hakukosea. Sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani iliwaumiza wengi, na mfumo wa chama kimoja uliwanyima wananchi nafasi ya kuchagua njia nyingine. Lakini hata ndani ya mfumo huo, mwaka 1965 wagombea wawili walishindanishwa katika majimbo mengi, na Waziri wa Fedha Paul Bomani akaangushwa na wapiga kura. Mwalimu aliliheshimu neno lao. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, na baadaye yeye mwenyewe akahimiza nchi irudi kwenye vyama vingi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inatufundisha kwamba kupiga kura ni wajibu wa kimaadili. Wako kati yetu wasemao kwamba kura moja ya Shelui haina uzito, na wako waliokwisha kuiuza kwa kanga au kilo ya sukari. Tukumbuke kwamba babu na bibi zetu wengi hawakuruhusiwa hata kuigusa karatasi ya kura, kwa sababu tu walikuwa maskini. Mwenye kuiuza leo anaifunga tena kwa bei ndogo haki iliyofunguliwa kwa gharama kubwa. Na mwenye kugombea ajiulize kama yuko tayari kukiacha kiti siku ambayo kukikalia kutamlazimu kuwasaliti waliomtuma.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzia katika Jimbo la Musoma. Tuendelee kuuombea, na tuwaombee wabunge na madiwani wetu, ili waliopewa dhamana waitunze kwa uaminifu na kwa hofu ya Mungu.