Hukwe Zawose: Mchunga ng'ombe aliyekuwa mwalimu wa taifa

MAREHEMU Hukwe Ubi Zawose, gwiji wa ilimba na zeze, mwimbaji na mcheza ngoma, alijifunza sanaa kwa baba yake, akichunga ng'ombe huko Ugogo, mkoani Dodoma.

Katika miaka ya 1960, Rais Julius Nyerere alivutiwa na kipaji chake, akamwita Dar es Salaam. Huko alijiunga na Kundi la Taifa la Ngoma, ambalo wasanii wake waliajiriwa na Serikali kuonyesha ngoma za makabila mbalimbali ndani na nje ya nchi.

Kundi hilo lilivunjwa karibu mwaka 1980. Kwa wasanii ambao ujuzi wao ulikuwa kichwani na mikononi tu, huo ungeweza kuwa mwisho. Hata hivyo, mwaka 1981 kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Zawose akawa mmoja wa walimu. Ngoma kama bugobogobo ya Wasukuma sasa zikafundishwa kwa vijana wa kabila lolote, na urithi wa Wagogo vivyo hivyo.

Ualimu haukumtoa jukwaani. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Chibite. Alifariki dunia Bagamoyo, Desemba 30, 2003.

Chuo chake leo kinaitwa TaSUBa. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajulikanao kama Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha, wakipiga ala ambazo kwa mila zilikuwa za wanaume.