Daktari Gideon Mantell na Meno ya Jiwe

Katika mji wa Lewes, upande wa kusini wa Uingereza, mwaka 1790 alizaliwa mtoto wa mshona viatu, jina lake Gideon Mantell. Tangu utoto wake alipenda kuokota mawe yenye maumbo ya kombe na konokono wa kale. Alipopata miaka 15 akawekwa kwa tabibu mmoja wa mji ule ajifunze kazi, kisha akaenda London, akapata cheti mwaka 1811, akarudi kwao. Kazi yake ya kuzalisha wanawake na kutibu wagonjwa ilikuwa nyingi mno. Hata hivyo alijinyima usingizi ili ayashughulikie mawe yake.

Karibu na kijiji cha Cuckfield palikuwa na machimbo ya mawe. Mantell aliwaagiza wachimbaji wamwekee kila kitu cha ajabu watakachokiona, naye akawalipa. Watu wengi husimulia kwamba Bibi Mary Ann, mkewe, ndiye aliyeona jino la kwanza kando ya njia, huku akimngoja mumewe aliyekuwa kwa mgonjwa. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini haina ushahidi wa kutosha. Lililo hakika ni kwamba kabla ya mwaka 1822 kwisha Mantell alikuwa na meno makubwa ya rangi ya kahawia, yaliyogeuka jiwe, ambayo hayakufanana na meno yo yote aliyoyajua.

Akayachunguza kwa subira. Aliona ya kuwa ncha zake zimelika zikawa bapa, kama meno ya mnyama atafunaye majani kwa muda mrefu. Basi hapo palikuwa na fumbo, kwa kuwa mijusi na jamaa zake waliojulikana wakati ule hawakutafuna hivyo, humeza tu. Je, lilikuwa jino la mnyama anyonyeshaye? Lakini Mantell alikumbuka jambo jingine, nalo ndilo kubwa: mahali lilipotoka. Wanunuzi wengi wa vitu kama hivi hukosea hapo hata leo, maana hutazama ukubwa wa jino na mng'ao wake, wasiulize limechimbwa katika tabaka gani. Miamba imelala tabaka juu ya tabaka, na kwa kawaida iliyo chini ni ya kale kuliko iliyo juu. Mwamba wa Cuckfield ulikuwa wa kale sana, na katika miamba ya umri ule hapakuwa pameonekana mnyama anyonyeshaye mwenye ukubwa kama ule.

Mwaka 1822 akawaonyesha wataalamu wa London meno yale. Wengi wao walisema ni ya samaki mkubwa, au ya mnyama aliyezikwa katika udongo wa juu, usio wa kale. Mwaka 1823 rafiki yake, Charles Lyell, akalipeleka jino moja Paris kwa Georges Cuvier, ambaye hakuna aliyemshinda katika elimu ya mifupa. Cuvier alipolitazama akasema ni jino la mbele la kifaru. Daktari wa mji mdogo angeweza kunyamaza. Lakini Mantell hakukubali, kwa sababu aliujua mwamba wake. Akazidi kutafuta meno mengine, akayapeleka Paris, hata mwaka 1824 Cuvier akakiri waziwazi kwamba alikosea, na kwamba huenda ni mtambaazi alaye majani.

Mwaka ule ule Mantell akaenda katika makumbusho ya madaktari wapasuaji huko London, akafungua saraka moja baada ya nyingine, akilinganisha, asipate mfano wake. Ndipo kijana mmoja wa pale, Samuel Stutchbury, akamwonyesha mifupa ya iguana, mjusi wa nchi za Amerika. Meno yalikuwa ya umbo lile lile, ila madogo mno! Mwaka 1825 Mantell akamtangaza mnyama wake, akamwita Iguanodon, maana yake jino la iguana. Ni mmoja wa wale ambao tangu 1842 huitwa dinosaria, na ambao mifupa ya jamaa zao ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, tangu 1909 hata 1913.

Sifa ilikuja, fedha haikuja. Mwaka 1834 wapasua mawe wa Maidstone walifichua mwamba wenye mifupa mingi ya Iguanodon, na mwenye machimbo akataka pauni 25. Rafiki zake Mantell wakachanga wakamnunulia. Nyumba yake ikajaa mawe na wageni, wagonjwa wakapungua. Mwaka 1838 akayauza makusanyo yake yote kwa Makumbusho ya Uingereza kwa pauni 4,000. Mwaka uliofuata mkewe akamwacha. Mwaka 1841 akaumia mgongo kwa ajali ya gari la farasi, akaishi na maumivu mpaka alipofariki mwaka 1852.

Mwanawe Walter alikuwa amehamia New Zealand. Huko, katika makumbusho ya mji wa Wellington, limehifadhiwa jino moja la Iguanodon pamoja na maandishi ya Mantell, yanayoeleza ya kuwa hilo ndilo alilompelekea Cuvier, naye akaliita la kifaru.