Ciarán: Alianzisha monasteri, akafa ndani ya mwaka mmoja

Ciarán, mtoto wa seremala wa Ireland, alisoma kwa mtawa Finnian, kisha katikati ya karne ya 6 akaanzisha monasteri yake Clonmacnoise, kando ya Mto Shannon. Simulizi zinasema nguzo ya kwanza aliisimika na Diarmait, aliyekuja kuwa mfalme.

Miezi michache tu baadaye akafa kwa ugonjwa wa mlipuko, akiwa na miaka kama 33.

Wanafunzi wake hawakuondoka. Ndiyo maana leo upo msalaba wa mawe wa mita 4 uliochongwa visa vya Biblia, na mnara wa duara uliokamilika 1124, ukapigwa radi 1135. Wanajeshi wa Kiingereza walipapora mahali hapo 1552, lakini mnara bado umesimama.