Goma: Carl Akeley, fundi wa kamera aliyezikwa Virunga

Kaskazini mwa Goma, kati ya milima Mikeno na Karisimbi, kuna mahali paitwapo Kabara. Hapo ndipo alipozikwa Mmarekani Carl Akeley, aliyefariki Novemba 1926.

Alizaliwa 1864 katika jimbo la New York, na kazi yake ilikuwa kutengeneza wanyama waliokufa kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1910, huko Kenya, alijaribu kupiga filme Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki. Alishindwa. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito kugeuza, simba alishapita. Kwa mtu wa montaji hiyo ni shida kubwa: vipande havishikani, mtazamaji hajui mnyama alitoka wapi wala alienda wapi.

Akeley akatengeneza kamera yake mwenyewe, ya mviringo, na kupewa hati ya uvumbuzi mwaka 1915. Mkono mmoja ulitosha kuigeuza pande zote bila kutikisika. Sasa kipande kimoja kilibeba tendo zima, na kuunganisha na vingine kukawa rahisi. Robert Flaherty aliitumia katika Nanook of the North ya 1922. Hollywood nayo ikaichukua.

Mwaka 1921 aliipandisha Mikeno, akawapiga filme gorila porini, ya kwanza ya aina hiyo. Katika safari hiyo hiyo aliwaua gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York, na hilo halifichiki. Baadaye alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde, na Aprili 1925 hifadhi ikaundwa. Mwaka uliofuata alirudi, akaugua, hakuteremka tena.