Wilhelm Maybach, yatima wa jikleri

Siye wote tunajua: motopompe ya ku karyere inakohoa, inazimika. Fundi anafungula karbirateri, anatosha jikleri, anaipuliza. Kale katundu kadogo kalitoka kwa yatima mumoja.

Wilhelm Maybach alizaliwa Ujerumani mu 1846. Ku miaka 10 alibakia bila baba na mama, akalelewa mu nyumba ya yatima kule Reutlingen. Gottlieb Daimler alimukuta mule, akaona mikono yake.

Mbele, karbirateri zilingojea esanse ipande yenyewe kama mvuke; kwa moteri ya mbio haikutosha. Mu 1893 Maybach alileta jikleri: hewa inapita, inavuta esanse, inairusha laini kama ukungu. Muchanga kidogo ukiziba, njo kile kikohozi.

Mu 1907 alitoka ku kampuni ya Daimler, wamekwisha kumuweka pembeni. Alikufa mu 1929.