Kamuzu Banda: Aliyefukuzwa Mtihanini Akawa Daktari

Hapa Ngara kuna swali ambalo halikosi kuzuka kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Mwenzetu alitaka udaktari, lakini alama zikapungua kidogo. Je, arudie mtihani mwaka ujao? Aende kwanza KMTC asomee kazi ya kliniki, halafu apande pole pole? Ama aachane kabisa na ndoto hiyo? Wengine humwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wengine nao humwambia haraka haraka haina baraka. Methali zote mbili ni za wahenga, kwa hivyo anabaki pale pale njia panda. Mimi nimeona heri nisimulie maisha ya mtu aliyefika kwenye njia panda hiyo zaidi ya mara moja. Huyu ni Daktari Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi.

Kamuzu alizaliwa karibu na Kasungu, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Waingereza. Baadaye waliiita Nyasaland. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, ila wengi hukisia kuwa ilikuwa mwaka wa 1898 hivi. Jamaa zake walikuwa Wachewa, watu wa jembe. Alisoma katika shule za misheni ya Waskoti, na mwaka wa 1915 au 1916 akaingia kufanya mtihani wa misheni. Inasimuliwa kwamba maswali yaliandikwa ubaoni, naye alikuwa mfupi na ameketi nyuma. Akainuka ili aone ubao juu ya vichwa vya wenzake. Msimamizi akadhani anaibia jirani yake majibu, akamtoa nje. Basi, masomo yake yakakatika hapo, na kumbe kosa lake lilikuwa kimo tu!

Angeweza kukaa nyumbani akinung'unika. Badala yake alifunga safari kwa miguu kwenda kusini, mpaka Hartley, mji ambao leo huitwa Chegutu, katika nchi ya Zimbabwe. Huko alipata kibarua hospitalini. Kisha akaendelea hadi Afrika Kusini, akafanya kazi miaka kadhaa katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, huku akijisomea. Huko alikutana na Askofu Vernon wa kanisa la Wamarekani weusi la AME. Askofu alikubali kumlipia karo Marekani, mradi Kamuzu ajilipie nauli mwenyewe. Nauli ya meli si nauli ya matatu. Aliweka akiba, na mwaka wa 1925 akaondoka.

Huko Marekani aliingia shule ya Wilberforce, jimbo la Ohio. Hebu fikiria, mtu mzima wa miaka 27 hivi akiketi dawatini kusoma masomo ya sekondari! Wenzake wa rika huko nyumbani walikuwa wameshaoa na kupata watoto. Yeye hakuona haya. Alimaliza mwaka wa 1928, na mara tu alipomaliza, msaada wa karo nao ukaisha. Ikabidi atoe hotuba hapa na pale ili apate pesa, mpaka wasamaria wema wakamsaidia kuingia Chuo Kikuu cha Indiana. Kutoka huko alihamia Chicago, ambako aliwasaidia wataalamu waliokuwa wakichunguza lugha yake ya Kichewa. Mwaka wa 1931 akapata digrii, somo lake kuu likiwa historia.

Hapo ndipo alipofika njia panda ya kwanza. Siku hizo Mwafrika mwenye digrii alikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Angerudi nyumbani angeitwa bwana mkubwa. Lakini alitaka udaktari, na sasa alikuwa na msingi wa kumwezesha kuuomba. Akaenda Chuo cha Meharry, jimbo la Tennessee, kilichofundisha madaktari weusi wakati vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimewafungia mlango. Alifuzu mwaka wa 1937, akikaribia miaka 40.

Je, safari iliishia hapo? Wapi! Ile digrii ya Marekani haikutosha kumruhusu kutibu watu katika makoloni ya Mwingereza. Hii ikawa njia panda ya pili. Abaki Marekani na cheti alichokitolea jasho, ama arudi tena kwenye chumba cha mtihani? Alichagua kurudi. Alivuka bahari hadi Edinburgh, akasoma upya, na mwaka wa 1941 akafaulu mitihani ya Uskoti. Jambo hili si geni kwetu, kwani hata leo Mkenya aliyesomea udaktari ng'ambo hufanyiwa mtihani na baraza la madaktari kabla ya kuruhusiwa kutibu.

Baada ya hapo alifanya kazi Liverpool, North Shields na London, akiwatibu hata Wazungu. Nyumbani kwake London walifika wapigania uhuru kama Mzee Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah. Mwaka wa 1953 alihamia Kumasi, Ghana. Tarehe 6 Julai 1958 alirudi kwao baada ya miaka zaidi ya 40. Mwaka uliofuata Waingereza walimfunga, lakini tarehe 6 Julai 1964 nchi yake ikapata uhuru chini yake.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka wa 1971 Banda alifanywa rais wa maisha. Waliompinga walifungwa, wengine wakakimbilia nchi jirani, na wengine wakauawa. Wananchi walimwondoa kwa kura mwaka wa 1994. Alifariki Novemba 1997 katika hospitali mjini Johannesburg, mji ule ule aliouendea kijana bila kitu. Alijua wakati wa kuingia mtihanini, lakini hakujua wakati wa kutoka kitini. Kufaulu mitihani hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki.

Wanafunzi wenzangu, tuchukue lililo jema. Banda alichelewa sana, lakini hakuna mwaka aliokaa bure. Alipokosa karo alitafuta kazi, alipokosa msingi alirudi dawati la chini, na kila alipoingia mtihanini alikuwa tayari. Kwa hivyo mwenzetu anayetaka kurudia asijiulize tu kama mwaka mmoja ni mwingi. Ajiulize atafanya nini Januari, Februari na Machi. Kama ana jibu, na arudie. Kama hana, aanze na ngazi iliyo karibu, kwa maana hata huko KMTC kuna wagonjwa wa kuhudumiwa. Na sisi wa shule za kutwa, tunaorudi jioni kuteka maji kwanza ndipo tufungue vitabu, tusikate tamaa. Mvumilivu hula mbivu, lakini ni yule aliyeupalilia mti.